Maji ya Wifi Yalivyokwenda Mjini

Nataka kumsema wifi yangu, na haki hiyo ninayo. Mke wa kaka yako akiishi ng'ambo ya njia, baraza yake ikatazamana na cherehani yako kutwa nzima, kumsema si umbea tena, ni sehemu ya kazi. Mimi ni fundi wa nguo. Mguu wangu uko kwenye pedeli, macho kwenye sindano, na macho yakichoka na sindano hayana pengine pa kupumzika ila kwake.

Mtaa wetu ni mdogo, nyumba chache zilizojishikiza ubavuni mwa kilima, na sote tunakunywa maji ya tangi moja. Maji hushuka kutoka kwenye chemchemi huko juu, huingia kwenye tangi la saruji nyuma ya nyumba ya kaka, hutiwa dawa, kisha hutoka kwenye bomba moja lenye kufuli, mbele ya uwanja wake. Ufunguo wa kufuli hiyo anao wifi. Anauvaa shingoni kwa kamba. Analala nao, anaoga nao, na siku ya harusi ya binti wa jirani aliuvaa juu ya gauni nililomshonea kwa mikono yangu miwili, gauni la shanga shingoni, ukaning'inia katikati ya shanga zangu kama kengele ya mbuzi. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

Kabla kamati ya maji haijampa ufunguo alikuwa mke wa mchomelea vyuma tu, mtu wa kawaida ambaye unaweza kuongea naye. Baada ya ufunguo akawa Mama Usafi. Asubuhi anafungua bomba, anasugua sakafu yake kwa brashi, anapanda ngazi kutia dawa kwenye tangi, kisha anasimama kwenye foleni na kukagua ndoo. Ndoo isiyo na kifuniko inarudi nyumbani. Ndoo yenye utelezi inarudi nyumbani na mwenye ndoo anapewa vidonge vyake mbele za watu. Siku moja aliinamia ndoo yangu, akaingiza pua, akainuka taratibu.

"Wifi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, "ndoo yako imeota ndevu."

Watu walicheka. Nilirudi nyumbani na ndoo yangu na ndevu zake, nikashona suruali ya mteja mguu mmoja mrefu kuliko mwingine kwa hasira.

Hayo ni ya nje. Ndani ya nyumba yake kuna mtungi. Maji ya mtungi ule yamepita mitihani yote: yametoka tangini na dawa yake, akayachemsha, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe, ndipo akayamimina. Mtungi umekaa pembeni juu ya mchanga, una kifuniko cha mbao alichokichonga kaka, na juu yake kwenye msumari wake wa peke yake inaning'inia kata yenye mpini mrefu. Hakuna anayegusa kata ile ila yeye. Wewe unakaa, unanyoosha kikombe, unateremshiwa maji. Kabla hajakuteremshia anafunua mtungi, anachovya ncha ya kidole chake kidogo, anakilamba, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ni hapo tu unapojua kwamba maji yamepita. Nilimwona akifanya hivyo tangu siku aliyoolewa, na wala sikuwahi kuwaza lolote.

Mimi ni mjane na watoto wangu wako mbali, kwa hiyo mchana hula kwa kaka, na nikila kwa kaka nakunywa kwa wifi. Hapo ndipo linapokuja suala la matumbo. Kaka yangu ana tumbo bovu. Mimi nina tumbo bovu. Tunaweza kuwa tumekaa tunaongea vizuri, ghafla mmoja wetu anasimama bila kuaga. Wifi yeye tumbo lake halijawahi kumsumbua hata siku moja, na hakuacha kutukumbusha.

"Ukoo wenu," alikuwa akisema huku akitazama njia ya kwenda chooni, "mmezaliwa na matumbo ya karatasi. Nimewachemshia, nimewachujia, nifanye nini tena? Niwatafunie?"

Nasi tulikubali. Tulimlaumu hata marehemu babu, ambaye hakuwepo kujitetea.

Basi ikaja siku ya kupimwa maji. Ofisi ya maji ya mjini ilimtuma mtu mmoja mrefu, mkavu, mwenye pikipiki na sanduku la barafu, na kofia ngumu ya pikipiki ambayo hakuivua hata alipopewa kiti. Watu walimwita Bwana Chupa, maana sanduku lake lilijaa chupa ndogo safi zenye vifuniko vya buluu. Alikwenda bombani, akawasha kiberiti cha gesi, akaanza kuuchoma mdomo wa bomba kwa moto.

Wifi aliruka. "Unachoma bomba langu?"

"Naua vijidudu vya nje, mama, ili nipime maji, nisipime bomba."

"Bomba hili halina vijidudu. Nimelisugua leo, na jana, na juzi."

Bwana Chupa akazima kiberiti. Alifungua maji yakaenda kidogo, akajaza chupa moja, akaifunga, akaitia sandukuni kwenye barafu. Halafu mwenyekiti wa mtaa, ambaye hawezi kumwona mgeni bila kumpandisha mlima, akamchukua kwenda kumwonyesha chemchemi. Sanduku likaachwa barazani kwa wifi, kivulini, wifi akiambiwa alitazame.

Alilitazama, kweli. Mimi nikiwa kwenye cherehani niliona anafungua sanduku. Akatoa chupa, akainyanyua kwenye mwanga, akaitikisa, akaifungua, akanusa. Akakunja uso. Akaingia nayo ndani. Alipotoka nje chupa ilikuwa inang'aa, akairudisha kwenye barafu kwa vidole viwili, akafunga sanduku na kulipangusa. Nikajisemea, huyo naye, amekwenda kuifuta chupa ya watu vumbi. Nikaendelea na pindo langu.

Majibu yalikuja na Bwana Chupa mwenyewe. Mwenyekiti akatuita sote bombani. Mwenyekiti wetu ni mtu mzuri, ila neno moja kwake halitoshi ikiwa yapo matano, na siku ile alikuwa na neno moja tu la kusema na hakutaka kabisa kulisema.

"Ndugu zangu," alianza, "majibu yametoka. Maji yetu yamekutwa na... yana vijidudu vya... niseme vya upande wa nyuma."

"Nyuma ya tangi?" akauliza bibi mmoja.

"Nyuma zaidi, mama."

"Nyuma ya kilima?"

"Nyuma ya mtu!" mwenyekiti akapaza sauti, jasho likimtoka.

"Kinyesi," akasema Bwana Chupa kutoka ndani ya kofia yake. "Maji yana vijidudu vya kinyesi. Bomba nalifunga."

Akalifunga, kwa waya na kipande cha madini ya risasi chenye muhuri, juu ya kufuli ya wifi. Watu waliguna. Mimi nilimtazama wifi, na ninakiri nilimtazama kwa hamu. Nilitegemea apige kelele mpaka tangi lipasuke. Alirudi nyuma hatua moja. Alishika ufunguo wake shingoni, mdomo wazi, macho kodo, na rangi ikamwisha usoni. Tangu nimjue sikuwahi kumwona hana la kusema, nikaogopa.

Mwenyekiti akaendelea, sasa akiwa amepona na lile neno. Akasema kosa si la Mama Usafi. Akasema kila mtu anajua kama si mama huyu tungekuwa tumekwisha siku nyingi. Watu wakapiga makofi. Akasema kosa ni la chemchemi, chemchemi imezeeka na imeharibika, na dawa yake ni kuiacha kabisa. Jumamosi Bwana Chupa atarudi kuifunga moja kwa moja. Kisha mtaa utatia pampu kwenye bwawa la wafyatua matofali kule bondeni, pampu hiyo itajengewa kibanda, kibanda kitakuwa na mlango, na ufunguo wa mlango huo, ufunguo mkubwa kuliko huu, atapewa nani?

"Mama Usafi!" watu wakaitikia.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wifi siku hiyo alisifiwa akainama kama anayetafuta sindano chini.

Bwawa la wafyatua matofali mnapaswa kulijua. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Bata wanaoga humo, wafyatua matofali wanaoga humo, na nadhani bata ndio wasafi zaidi. Kwa siku hizo ndiko sote tulikokwenda kuchota, ndoo kichwani, tukipanda nayo mlima. Na binadamu ni kiumbe wa ajabu: siku ya pili tu nilimsikia jirani yangu anasema maji ya bwawa yana ladha, ya bomba yalikuwa matupu mno.

Siku hiyo ya pili wifi alivuka njia akaja barazani kwangu. Hajawahi kuja kwangu bila kukagua kitu, lakini safari hii hakutazama chochote.

"Wifi, funga mlango."

"Baraza haina mlango, wifi."

"Basi acha kushona."

Nikatoa mguu kwenye pedeli. Akakaa juu ya furushi la nguo za wateja, akapasua mbarika.

"Yale maji yaliyokwenda mjini hayakuwa ya tangi."

"Yalikuwa ya nani?"

"Yangu."

Nilimtazama. Akaanza kusema haraka haraka. Alisema ile chupa aliiangalia, maji yake yana povu, yananuka dawa. Utapelekaje mjini maji yananuka dawa? Maji yale yanakwenda kutazamwa na watu waliosoma, yanakwenda kwa jina la mtaa mzima. Binti akienda kwa wakwe haogeshwi, havishwi? Basi na yeye akaona ayatengeneze. Akayamwaga kwenye kopo la maua, akaisuuza chupa, maana ndani ilikuwa na unga unga mweupe wa ajabu (dawa ya maabara, tulikuja kuambiwa), mtu mzima anatembea na chupa chafu. Akaijaza kutoka kwenye mtungi. Maji yake ya wageni, yaliyochemshwa, yaliyochujwa. Alitaka tu waseme mtaa ule una maji mazuri.

"Kwa hiyo kinyesi..." nikasema.

"Usilitaje."

"Kwa hiyo kinyesi kiko kwenye mtungi wako."

Nilicheka. Sitaki kudanganya, nilicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke. Nilicheka kwa ajili ya ndoo yangu na ndevu zake, nikacheka kwa ajili ya babu, nikacheka kwa ajili ya gauni. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa amelifunga kundule ndani ya chupa, akaliweka kwenye barafu na kulipeleka mjini likapimwe.

"Ukimaliza kucheka niambie," wifi akasema. Alikuwa analia.

Nikanyamaza. Tukaenda kwake.

Baada ya machozi likamjia jambo moja tu kichwani: nani amechafua mtungi? Maana kwa hakika si yeye. Akafanya baraza la hukumu jikoni. Washitakiwa tulikuwa kaka, mimi, kuku wake wawili na mjusi wa ukutani. Mjusi alikimbia, jambo ambalo wifi alilihesabu kuwa ushahidi, lakini hakumridhisha. Akamgeukia kaka.

Kaka yangu ni mtu wa kimya. Kutwa nzima yuko nyuma ya kinyago chake cha kuchomelea, na akikivua haoni sababu ya kubadilisha desturi. Nimewahi kukaa naye mchana mzima akasema "hm" tu, na hata hiyo ilikuwa ni chakula kinapita.

"Baba, umegusa kata yangu?"

Kaka akatikisa kichwa.

"Umechota kwa kikombe nikiwa sipo?"

Akatikisa kichwa.

"Basi ni wifi."

"Mimi!" nikasema. "Mimi nakinga kikombe changu kama mfungwa miaka yote hii, leo ndiyo niwe mimi?"

"Lazima kuna mtu!" Alikuwa ametoka kuwatupia kuku pumba, mikono yake bado ina unga unga wa pumba na uchafu wote wa kuku, na sasa alianza kuizungusha hewani kwa uchungu. "Mtungi huu mimi naulinda kuliko macho yangu. Kila mara nakuja hapa, kila mara! Nafunua hivi." Akafunua. "Natazama hivi." Akatazama. "Naonja hivi." Kidole kidogo kikaingia majini, kikatoka, kikaingia kinywani. "Mazuri! Sasa nani tena anaweza..."

Kaka alikuwa anakitazama kile kidole.

"Na hicho je?" akasema.

Hata kuku wakaacha kudonoa. Wifi alikitazama kidole chake. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Kisha akamtazama kaka, akanitazama mimi, akatazama dirishani kule kwenye njia ya chooni tuliyoipitia miaka yote ile, mimi na kaka, mbio mbio, tukimlaani marehemu. Nikaona hesabu inajipanga usoni pake.

"Matumbo ya karatasi," akasema polepole.

Kaka akasema, "Hm."

Sasa tunakuja kwenye lililo gumu. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mimi ningesema? Mimi mdomo wangu ni mwepesi, lakini mke wa kaka ni nyumba ya kwetu, na penye kuku wengi hatumwagi mtama. Chemchemi ingefungwa, pampu ingekwenda bwawani, na yeye angekuwa na kibanda, mlango na ufunguo mkubwa. Kama angesema, ungekwisha Mama Usafi. Ufunguo ungevuliwa shingoni mbele ya watu wote aliowarudisha na ndoo zao, na mtaa mdogo hausahau. Angebaki kuwa mke wa mchomelea vyuma aliyepeleka kinyesi mjini.

"Unyamaze," nilimshauri. Ndiyo, mimi. Nilishamwonea huruma. "Watazoea maji ya bwawa."

Alitoka nje. Alikaa barazani kwake akitazama wanawake wakipanda kutoka bondeni na ndoo zao. Mmoja alipita na ndoo isiyo na kifuniko, ndani mna unyoya wa bata unaelea. Wifi akanyanyuka nusu, mkono mbele, kwa mazoea ya kumrudisha. Halafu akakumbuka kwamba hana pa kumrudisha. Akakaa tena. Nilikuwa nashona kola na ilinibidi niifumue yote, macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Jumamosi watu walijaa bombani. Bwana Chupa alikuja na kofia yake, sanduku lake na vifaa vya kufungia chemchemi. Mwenyekiti alikuwa ameandaa hotuba ya kuiaga chemchemi, na alikuwa amefika pale inapoitwa mama yetu sote, wifi aliposimama.

"Mwenyekiti, keti kidogo."

"Nimebakiza sehemu ndogo tu, Mama Usafi."

"Keti. Na usiniite hivyo."

Akasema yote. Hakupunguza wala hakujitetea. Akasema chemchemi haina kosa, tangi halina kosa, maji yaliyopimwa ni ya mtungi wake, na aliyeyachafua ni yeye kwa kidole hiki hapa. Akakinyanyua juu watu wakione.

Kwanza watu hawakuelewa. Kisha wakaelewa, na kicheko kilichotoka pale kiliwarusha njiwa kwenye paa la kaka. Bibi mmoja alikaa chini kabisa. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ndoo zetu ulizirudisha!" na mwingine akadakia, "Kidole nacho kirudishwe nyumbani!" Mimi sikucheka. Nilishacheka zangu, na za watu kumcheka mtu wa kwetu hazinichekeshi.

Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekasirika. Alikuwa amewafanya watu wampigie mama huyu makofi, alikuwa amemjengea kibanda kwa maneno, na hotuba yake sasa haina marehemu wa kuagwa.

"Lete ufunguo," akasema.

Wifi akauvua. Kamba ikanasa kwenye kitambaa cha kichwa, kitambaa kikamfunika uso, akahangaika humo ndani, kaka ikabidi amsaidie. Hilo nalo walilicheka. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mwenyekiti, akarudi nyuma akasimama karibu na kaka.

Bwana Chupa akasogea bombani. Aliukata waya, mwenyekiti akafungua kufuli, naye akafungua bomba, akakinga maji kwenye kichupa, akadondosha kidonge kidogo. Maji yakageuka rangi ya waridi.

"Dawa imo ya kutosha," akasema. "Nitachukua sampuli upya, na safari hii sanduku nitalipakata mwenyewe. Lakini aliyekuwa akitia dawa hapa alikuwa anaitia sawasawa. Chemchemi siifungi."

"Basi," akasema mwenyekiti, akiunyanyua ufunguo, "nani anautaka?"

Kaka yangu angewacheka kama angekuwa mtu wa kucheka. Mikono ilipanda kila mahali. Waliokuwa wamerudishwa na ndoo wote walitaka ufunguo. Na mimi, kwa sababu ambayo hata leo siijui vizuri, labda kwa kuwa niliuangalia ule ufunguo shingoni mwake miaka yote ile, mimi pia nilinyoosha mkono.

"Vizuri," akasema Bwana Chupa, akifungua sanduku. "Kwa kuwa tumeshajifunza jambo leo, mwenye kuchukua ufunguo tutaanza kwa kupima maji ya kunywa ya nyumbani kwake. Nani wa kwanza?"

Ungeona mikono ile ilivyoshuka. Mmoja alijifanya alikuwa anajikuna sikio. Mwingine akakumbuka ameacha sufuria jikoni. Jirani yangu wa ladha ya bwawa alijificha nyuma ya mti mwembamba kuliko yeye. Mwenyekiti akaulizwa kama angependa kuonyesha mfano, akasema nyumbani kwake leo hakuna maji kabisa, hawanywi.

"Mtu pekee ninayejua anakunywa nini katika mtaa huu," Bwana Chupa akasema, "ni yule mama pale. Ninyi wengine sijui."

Hakuna aliyecheka. Mkono wangu ulikuwa umebaki juu peke yake. Si kwa ushujaa, kwa ubishi tu. Nilishaunyoosha, sikuona kwa nini niushushe. Bwana Chupa akaja kwangu, akachota kwenye mtungi wangu mwenyewe, ule wa jikoni ninaonywea jioni, akajaza chupa moja, akakinga nyingine bombani, akaondoka nazo.

Siku za kungojea majibu mwenyekiti ndiye aliyeshika ufunguo. Alifungua bomba jua likiwa limekwisha kuwa kali, akisinzia. Kutia dawa aliogopa ngazi, ikabidi wifi apande kuitia. Ndoo hakuzikagua, akisema uongozi ni kuaminiana, na foleni ikawa inapigana yenyewe. Bibi aliyekaa chini kwa kicheko ndiye aliyekwenda kumwambia amrudishie mama wa watu ufunguo wake kabla hatujauana. Alimrudishia. Wifi akaupokea, akautia mfukoni mwa gauni badala ya shingoni.

Kisha Bwana Chupa akarudi. Maji ya tangi yalikuwa safi kabisa. Akavuka njia mpaka kwenye cherehani yangu, na safari hii alivua kofia, nikajua mambo si mazuri. Kichwa chake hakina hata unywele mmoja.

"Mama," akasema, "mtungi wa wifi yako ulikuwa na nafuu."

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia kila neno. Nikashika cherehani, nikangojea. Nilijua kinachokuja, na nilijua nimekistahili. Ningekuwa mimi, ningecheka mpaka nikae chini. Ningeita foleni nzima ije isikie.

Wifi akapita kati yetu, akaingia jikoni kwangu, akautoa mtungi uani. Akaumwaga. Akapiga magoti, brashi yake mkononi, akaanza kuusugua ndani, mkono mzima mpaka begani. Alisugua kwa nguvu ile ile anayosugulia sakafu ya bomba. Nilisimama pale nikimtazama.

"Wifi," nikamwambia, "nakupenda, ujue."

"Najua," akasema kutoka ndani ya mtungi. "Lete maji ya moto."